Wakili Hatafutwi Kitandani mwa Mgonjwa

 

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma ya wenzake akingoja watu wapungue. Alikuwa amebeba kikapu cha ukili, na ndani yake, chini ya leso iliyokunjwa, mlikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. "Shekhe," akaniambia, "nataka unisomee karatasi hii. Ni ya Kiingereza, na mimi nilitia sahihi."

Mumewe ni hamali wa mkokoteni. Miaka miwili na miezi minne iliyopita aligongwa na matatu akivuka barabara pale Kongowea. Mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili, akatiwa vyuma. Siku ya pili, hata hajaingizwa chumba cha upasuaji, alifika kitandani kijana nadhifu mwenye kalamu na karatasi. Alimwita mama huyu "mamangu", akamwachia shilingi elfu mbili za chai ya mgonjwa, akamweleza kwamba yeye atoka kwa wakili mkubwa mjini na kwamba fidia itapatikana kabla mgonjwa hajatupa magongo. Mama akatia sahihi. Akatoa na abstrakti ya polisi, karatasi za hospitali na picha za eksirei, zote za asili. Baada ya hapo kijana alipokea simu mara nne, kisha nambari yake ikawa haipatikani.

Niliisoma ile karatasi. Ilikuwa idhini ya kufungua kesi, na ndani yake imeandikwa kwamba asilimia arobaini ya fidia itakuwa ya ofisi. Wakili ametajwa jina, lakini hapana anwani, hapana nambari ya faili, hapana tarehe. "Je, kesi ipo?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Ameniruhusu nilisimulie jambo lake bila kumtaja, ili dada zake wasiingie shimo hilo hilo, nami naona ni wajibu kulieleza kwa mapana, kwani si yeye wa kwanza kunijia na bahasha ya namna hii.

Kwanza nianze na neno ambalo huzisimamisha familia nyingi hata kabla hazijafika kwa wakili. Mtu akigongwa, wazee husema: ni kadari, tumwachie Mungu. Kuridhika na kadari ni katika nguzo za imani, na wala hapana Muislamu anayelikataa hilo. Walakini sheria yetu yenyewe ndiyo iliyoweka diya kwa roho na fidia kwa kiungo. Aliyesoma vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Imamu Shafi katika madrasa zetu anakumbuka jinsi mlango wa diya ulivyopangwa kwa hesabu: roho ngamia mia, kidole kimoja ngamia kumi, jino ngamia watano. Lau kudai kungekuwa ni kupingana na kadari, hesabu hii ingewekwa ya nini? Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini husamehe mwenye haki, akiijua haki yake. Baba hana ruhusa ya kusamehe mali ya mwanawe mdogo aliyevunjwa mkono, wala ami hana ruhusa ya kusamehe haki ya mjane wa nduguye ili tu apate sifa ya upole mbele ya wenye gari.

Wengine huuliza kuhusu bima: je, si fedha zenye shubha? Hili nalijibu kwa ufupi. Wewe unamdai aliyekudhuru. Ikiwa yeye analipa kwa kupitia kampuni ya bima ambayo sheria ya nchi imemlazimisha kuwa nayo kabla ya kuiendesha gari barabarani, mkataba huo ni wake na kampuni yake. Wewe si mshirika ndani yake.

Na wengine huona haya kusimama mahakamani. Kwao nataja habari mashuhuri katika mlango wa uwakala: Sayyidna Ali, radhi za Mungu ziwe juu yake, hakupenda kuhudhuria magomvi mwenyewe. Alimweka nduguye Aqil awe wakili wake, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Jaafar, akieleza kwamba magomvi yana hatari zake na kwamba shetani huhudhuria humo. Basi kumweka mtu mwingine akusemee ni jambo la kale katika umma wetu, na neno "wakili" lenyewe tumelipata huko. Wakili ni mtu uliyemkabidhi jambo lako. Yeye ni amini wako, na wewe ndiwe mwenye kauli. Ukililewa hilo vizuri, hutamwogopa kama mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu wa fimbo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa kitandani. Hapa Mombasa watu humwita broka. Kazi yake ni kuzunguka hospitali na vituo vya polisi akiwanunua majeruhi, kisha kuwauza kwa ofisi itakayompa kitu. Jueni kwamba jambo hili limekatazwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya: ni kosa mtu kumtafutia wakili wateja kwa ujira, na wakili anayenunua wateja kwa njia hiyo anavunja kanuni za kazi yake. Kwa hivyo, wakili wa kwanza wa kumkataa ni yule aliyekutuma mtu usiyemjua hali mgonjwa wako yumo katika maumivu. Aliyevunja sheria ili akupate, utamwaminije kuilinda haki yako kwa sheria hiyo hiyo? Zile elfu mbili za chai zilimgharimu mama yule abstrakti ya asili na miaka miwili.

Wala msikubali kuharakishwa. Wiki za kwanza si za kutia sahihi; ni za kumuuguza mgonjwa na kukusanya karatasi. Na hapa nasema na akina mama hasa, kwa sababu katika nyumba nyingi nilizoingia, baba yumo kitandani na faili la kesi limo kabatini mwa mama.

Ajali iripotiwe kituo cha polisi cha karibu, nawe uandike nambari ya OB, yaani nambari ya kitabu cha matukio. Baadaye uombe abstrakti, ambayo hutaja gari, dereva, kampuni ya bima na aliyeumia. Isome pale pale mezani: jina la mgonjwa liwe sawasawa na la kitambulisho, na nambari ya gari iwe sahihi, kwani herufi moja ikikosewa itawasumbua mwaka mzima. Fomu ya P3 hujazwa na daktari na kurudishwa polisi. Hospitalini, weka kila kitu: kadi, karatasi ya kuruhusiwa kutoka, eksirei, risiti za dawa, hata risiti ya magongo. Nauli za tuktuk za kwenda kliniki ziandike katika daftari kwa tarehe. Andika pia majina na simu za walioshuhudia, maana yule muuza mahamri aliyeona kila kitu leo huenda mwakani amehamia Malindi. Kisha toa nakala mbili za kila karatasi. Wakili apewe nakala. Akihitaji ya asili kwa ajili ya mahakama, mpe kwa kutia sahihi kwamba amepokea.

Wakili atafutwe wapi? Njia ya kale bado ni njema: muulize mtu aliyemaliza kesi yake. Sisemi aliyeifungua, nasema aliyeimaliza na fedha zake zikamfikia. Uliza msikitini, uliza katika chama cha akina mama, muulize wakili aliyekuandikia hati ya shamba akutajie mwenzake anayeshughulika na kesi za ajali, kwani si kila wakili anaziendesha. Mwenye kuzoea hati za ardhi anaweza kuwa mtu mwema na asiijue njia ya kampuni za bima.

Ukishapata jina, lihakikishe. Kila wakili hapa Kenya hulazimika kuchukua cheti cha kufanya kazi kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha katika tovuti yake ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa jina na kuona kama wakili huyo ana ruhusa mwaka huu. Mwanao wa sekondari atakufanyia kwa simu katika dakika mbili. Asiyekuwa na cheti cha mwaka huu hana ruhusa ya kukusimamia, hata kama kibao chake kingali mlangoni.

Nimeulizwa mara nyingi kama ni lazima wakili awe Muislamu. Akiwa Muislamu mwaminifu na mjuzi, ni kheri. Lakini ujuzi na uaminifu ndivyo vinavyotakiwa katika uwakala. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka, kiongozi wa njia aliyemkodi, Abdullah bin Urayqit, alikuwa bado katika dini ya Makuraishi, aliijua njia na akaaminika nayo, na roho za wabora wa umma huu zikakabidhiwa mikononi mwake. Na kwa dada anayeona uzito kukaa na mwanamume ofisini, Mombasa ina mawakili wanawake wengi, wenye kuvaa buibui na wasiovaa. Usiende peke yako. Nenda na mumeo, nduguyo au mwanao mkubwa, kwa ajili ya stara na pia kwa ajili ya masikio mawili zaidi.

Mkutano wa kwanza ni wako kuuliza. Muulize ni nani hasa atakayelishika faili, yeye au msaidizi wake. Muulize ameziendesha kesi ngapi za namna hii katika mahakama za hapa. Muulize gari lililogonga lina bima au halina, na kama halina, ni nani atakayelipa. Kwani hukumu dhidi ya mwendesha bodaboda asiye na kitu yaweza kubaki karatasi ukutani. Hata kwa gari lenye bima, kiwango ambacho sheria ya bima ya magari inailazimisha kampuni kukikinga ni shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja, na kilichozidi hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Muulize pia udhaifu wa kesi yako uko wapi. Wakili mzuri atakwambia: mumeo alivuka pasipo na kivuko, huenda mahakama ikasema naye alichangia ajali ikapunguza fidia. Maneno hayo hayapendezi, lakini ni ya mtu anayekuheshimu. Yule anayekutajia mamilioni siku ya kwanza, hata hajaiona ripoti ya daktari, mshukuru kwa chai uondoke. Na msiwe nyinyi wenye kumtaka aongeze jeraha lisilokuwapo. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, hata kama anayelipa ni kampuni.

Nataka nikae kidogo juu ya ujira, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Mazoea ya mitaani ni kwamba wakili huchukua asilimia, thelathini au arobaini, kesi ikishinda. Watu wanadhani ndiyo sheria. La. Sheria ya Mawakili ya Kenya imeukataza mkataba ambao wakili atalipwa tu endapo atashinda. Ujira hupangwa kwa viwango vilivyotangazwa kisheria, au kwa makubaliano ya maandishi yaliyotiwa sahihi na mteja, na makubaliano hayo hayaruhusiwi kushuka chini ya viwango hivyo. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitabasamu, kwa sababu ndilo tulilofundishwa tukiwa wadogo: ujira katika ijara lazima uwe maalumu, na hata katika ju'ala, ambapo mtu hulipwa kwa kutimiza jambo, mafakihi wa madhehebu yetu wameshurutisha malipo yajulikane. Asilimia ya kitu ambacho hakijulikani kitakuwa ngapi, wala kama kitakuwapo, ina gharari ndani yake. Nadra kuona sheria ya Kiingereza na mlango wa ijara vikakutana hivi.

Kwa hiyo mwambie wakili, kwa adabu: "Naomba uniandikie ujira wako ni kiasi gani, na gharama nyingine ni zipi." Kuna ada ya kufungua kesi, ada ya ripoti ya daktari, ada ya kutafuta rekodi ya mwenye gari katika mamlaka ya usafiri ya NTSA, na gharama ya kupeleka hati kwa mdaiwa. Ni nani atakayezitoa mwanzo? Zikitolewa na ofisi, zitakatwa vipi? Ukishindwa, mahakama yaweza kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili. Na ukishinda, upande wa pili huamriwa kulipa gharama zako, basi uliza fedha hizo zitaingia katika hesabu gani. Yote yaandikwe. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Msahafu. Sisi tunaihifadhi kwa sauti nzuri, kisha tunatia sahihi karatasi tusiyoisoma.

Mambo mawili yaongezwe katika maandishi hayo. La kwanza, wakili asikubali suluhu yoyote na kampuni ya bima mpaka wewe umekubali kwa sahihi yako ukijua kiasi. La pili, fedha zikifika akujulishe siku ngapi baadaye. Aghalabu kampuni hupeleka malipo kwa wakili, na sheria inamtaka aziweke fedha za wateja katika akaunti yao, mbali na zake, na akupe hesabu kamili. Siku ya malipo usipokee fedha bila hesabu ya maandishi, wala usitie sahihi karatasi ya kampuni ya bima inayosema umelipwa na huna dai tena mpaka umesomewa neno kwa neno kwa lugha yako.

Kisha kuna muda. Kwa aliyeumizwa na gari la mtu binafsi, kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kama anayedaiwa ni serikali, muda ni miezi 12 tu. Gari la serikali au uzembe katika hospitali ya umma huingia hapa, na nimeona familia zilizofika mwezi wa kumi na tatu na karatasi zote safi mkononi. Kwa mtoto kuna hukumu zake za muda, ila msizitegemee. Msingoje mtoto akue, mzazi afungue kesi kwa niaba yake mapema.

Dai dogo halihitaji kila mara safari ndefu. Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, yenye mpaka wa shilingi milioni moja, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Sheria hiyo imetaja fidia ya majeraha, ingawa jambo hilo limezua mabishano mahakamani. Basi muulize wakili kama dai lako linafaa kupelekwa huko. Na aliyeumia kazini, awe bandarini, kiwandani au hotelini, njia yake ni nyingine kabisa. Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, inamtaka amwarifu mwajiri mapema, asipitishe miezi 12, na dai lake lianze kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Msilipe wakili kufungua kesi mahala pasipo pake.

Mauti yanapotokea, mambo huwa mazito zaidi, na dada zangu nawaomba msome sehemu hii kwa makini. Sheria ya Kenya ina madai mawili. Moja ni la waliokuwa wakitegemea riziki ya marehemu: mke, mume, wazazi na watoto. La pili ni la mali ya marehemu mwenyewe, na hilo huingia katika mirathi. Ili kulisimamia, mtu huhitaji hati ya mahakama ya kumruhusu. Nimeona ndugu wakigombana mwaka na nusu nani atakuwa msimamizi, na huku ile miaka mitatu inakwenda. Mkae kikao mapema, Kadhi awasaidie, mtu mmoja mwaminifu achaguliwe.

Na mjane asiambiwe kwamba fedha za ajali ni za upande wa mume. Jambo hili liliamuliwa zamani. Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa akiona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dahhak bin Sufyan alipomjulisha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam al-Dibabi kutokana na diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake papo hapo. Ikiwa Umar aliiacha, shemeji zetu wa Kisauni na Likoni wana hoja gani? Ila mahakamani mjane ataulizwa ushahidi wa ndoa. Wengi wetu tuliozwa mbele ya mashahidi na cheti hatukukifuata. Kifuateni kwa Kadhi mkiwa wazima, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fungu la yatima nalo lisiguswe na mkono wa mtu. Onyo la Surat an-Nisaa juu ya mla mali ya yatima linatosha kumtia mtu homa.

Kuna swali la riba. Mahakama huweza kuongeza riba juu ya fidia mpaka siku ya kulipwa. Rai wanayoishika wengi katika maulamaa wa zama zetu ni kwamba ziada hiyo itengwe na itolewe katika maslahi ya watu, bila kunuia thawabu ya sadaka. Mwambie wakili akuandikie riba peke yake katika hesabu, ili ujue ni kiasi gani.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Kituo cha Sheria, MUHURI, na FIDA Kenya kwa wanawake, zote zina ofisi hapa Mombasa, na serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Si lazima wakusimamie kesi yote ya ajali, lakini watakusomea karatasi yako na kukwambia mlango wa kugonga. Na mwenye wakili aliyeyala malipo au aliyelala juu ya faili, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Andika barua, ambatanisha nakala, taja tarehe. Vilevile unayo haki ya kubadilisha wakili, ingawa wa kwanza anaweza kukudai ujira wa kazi aliyoifanya kwa kweli kabla ya kuliachilia faili.

Tukaanza na mama wa kikapu kwa njia hii hii. Jina lililokuwa katika karatasi lilipatikana katika orodha ya Chama. Tulipomwendea mwenye jina hilo alisema hajapata kuliona faili hilo wala hamjui kijana. Masjalani mwa mahakama hapakuwa na kesi. Ilibaki miezi minane ya muda. Abstrakti ikaombwa upya kituoni kwa nambari ya OB, ambayo, alhamdulillahi, mama alikuwa ameiandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya kadi ya kliniki. Hospitali ikatoa nakala za rekodi baada ya safari tatu. Wakili aliyemchagua ni mwanamke, ofisi yake ghorofa ya pili, ngazi zake zinamchosha mgonjwa lakini mkataba wake ni kurasa mbili na alimsomea kwa Kiswahili. Kesi imefunguliwa.

Jumatatu hii mama alinipigia simu. Kampuni ya bima imemwita mumewe akapimwe na daktari wao, na wameambiwa waende na karatasi za hospitali. "Shekhe," akasema, "niwapelekee zile za asili au nakala?" Nilimwambia apeleke nakala. Akanijibu kwamba ameshazitoa, mbili mbili, na kwamba alikuwa akinijaribu tu.